Embe moja yuro 6: pesa hizo huenda wapi?

Wiki jana binamu yangu anayeishi Hamburg alinitumia picha ya embe moja kwenye rafu ya duka. Yuro 6. Chini yake ameandika: "Dada, huku tunaporwa mchana kweupe. Hiyo hela si ningejaza kikapu hapo Marikiti?" Angejaza kwenye soko hilo la Nairobi, na cha juu kingebaki, maana maembe ya Makueni ndiyo haya yameshika msimu. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye ghala la kufungashia matunda ya kuuza nje, karibu na uwanja wa ndege wa JKIA, na swali hili huulizwa na kila ndugu aliye ughaibuni. Leo nalijibu kwa kirefu.

Kwanza nilimwambia asome kibandiko. Embe lilikuwa limetoka Peru, na juu yake pameandikwa "Flugmango", yaani embe lililopanda ndege. Neno hilo moja ndilo lililobeba sehemu kubwa ya bei. Embe la meli huchumwa likiwa gumu ili livumilie wiki kadhaa baharini. Likifika hulainika, lakini ule utamu wa kuivia mtini halinao. La ndege huachwa mtini hadi sukari ipande, ndipo lichumwe na kuwahishwa. Nauli yake hulipwa kwa kilo, na tunda ni maji kwa sehemu kubwa, kwa hiyo unalipia maji kuvuka bahari angani. Tena shirika la ndege hupima mambo mawili, uzito na nafasi: kila sentimita za ujazo 6,000 huhesabiwa kuwa kilo moja, na kipimo kilicho kikubwa ndicho unachotozwa. Ndiyo maana nanasi ni ghali kulirusha. Lile taji lake la majani halina uzito wa maana, lakini hukalia nafasi na kulipiwa nauli kama abiria.

Lakini nauli haimalizi hesabu. Kinachonikosesha usingizi ni baridi. Kila asubuhi nachukua kipimajoto chenye sindano, nakidunga kwenye embe mpaka kikaribie kokwa, kwa sababu ngozi ya tunda inaweza kuwa baridi na ndani bado kuna joto la shambani. Embe nalitaka kwenye nyuzi 12 hivi. Likishuka sana chini ya nyuzi 10 kwa siku kadhaa huumia: ngozi hupata madoa ya kijivu na nyama hukataa kuiva vizuri. Parachichi aina ya Hass linastahimili nyuzi 5 au 6. Huwezi kuyapanga pamoja chumba kimoja ukategemea yote yapone.

Mwaka mmoja, mwezi wa Machi, paleti zetu nne za maembe yaliyokuwa yakienda Ghuba ziliachwa juani kando ya ndege alasiri nzima, kwa uzembe wa waliokabidhiwa kuzipakia. Mnunuzi alipofungua alitutumia picha moja baada ya nyingine: maji yanachuruzika kwenye katoni, harufu ya pombe karibu uisikie kwenye simu. Karibu theluthi moja ilitupwa. Yaliyopona aliyauza kwa bei ya juu, na simlaumu. Embe zima hulipa deni la lililooza, na mwenye duka huko anajua kwamba mengine yatamfia rafuni, kwa hiyo huiweka hasara hiyo kwenye bei mapema.

Kisha kuna nzi wa matunda. Yule aliyegunduliwa hapa Kenya mwaka 2003 hutaga mayai ndani ya embe na funza huonekana tunda likishafika mezani. Mwaka 2014 nchi yetu yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe Umoja wa Ulaya kabla hatujafungiwa, na ikachukua miaka kurudi. Mitego, mashamba yanayofuatiliwa, wakaguzi wa KEPHIS (shirika la serikali la afya ya mimea), cheti cha afya ya mimea, vyote vina gharama, na mnunuzi wa mwisho ndiye anayezibeba.

Parachichi lina nafuu kwa sababu husafiri kwa bahari kutoka Mombasa, zaidi ya tani 20 katika kontena moja la baridi. Hata hivyo, tangu meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 na kuzungukia Afrika Kusini, safari imerefuka kwa takriban wiki mbili, na hizo ni siku ambazo tunda linazeekea ndani ya sanduku.

Binamu yangu nimemshauri hivi. Asinunue embe moja moja supamaketi. Mwezi wa Juni na Julai maembe ya Pakistan hufika kwenye maduka ya Waasia na huuzwa kwa boksi, matamu sana. Embe gumu asilitie kwenye friji; aliache mezani ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na tufaha lililoiva, na gesi ya lile tufaha italiivisha.

Na akija Desemba asirudie ya mwaka juzi, alipoficha dodo sita kwenye sanduku na kunyang'anywa zote uwanjani alipotua. Tangu Desemba 2019 Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuingiza matunda bila cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Kwa hiyo nitampeleka Marikiti alfajiri ya siku ya safari, tuchague mananasi mawili ambayo macho ya chini yameanza tu kugeuka manjano. Akifika Hamburg yatakuwa yanafaa kukatwa.