Hans Sloane: kutoka kabati za nyumbani hadi makumbusho ya umma

Kwa kazi, Hans Sloane alikuwa daktari jijini London. Kwa mapenzi, alikuwa mtu wa mimea. Mwaka 1687 alikwenda Jamaica akiwa daktari wa gavana mpya wa koloni hilo la Uingereza. Gavana alifariki mwaka uliofuata, na Sloane akarejea London mwaka 1689 na takriban aina 800 za mimea iliyokaushwa. Majani ya mkakao aliyoleta yapo hadi leo.

Sisi watunza vielelezo tunajua kwamba jani kavu lisilo na maelezo ni takataka tu. Lilichumwa wapi? Lini? Wenyeji hulitumiaje? Sloane aliyaandika hayo kwa bidii, na ndiyo maana Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden ambaye hakuwahi kufika Jamaica, aliyategemea alipochapisha orodha yake ya mimea ya dunia mwaka 1753.

Kisichoandikwa vya kutosha ni majina ya watu. Sloane mwenyewe alikiri kwamba alipata maarifa kwa wakazi wa kisiwa, wakiwamo Waafrika waliofanywa watumwa, lakini wengi wao hawatajwi. Tena, sehemu ya fedha alizonunulia vitu ilitoka kwenye mashamba ya miwa ya mkewe hukohuko Jamaica, yaliyolimwa na watumwa. Mtaalamu anayesimulia habari za Sloane na kuliruka hili hajasimulia habari kamili.

Alipofariki Januari 1753, alikuwa na vitu zaidi ya 71,000: mimea, wadudu, kombe za baharini, vitabu, sarafu. Wosia wake ulitaka vikae pamoja. Taifa lingevipata kwa kuwalipa binti zake pauni 20,000, pungufu sana ya thamani yake. Bunge likikataa, vingepelekwa kwa vyuo vya wanazuoni vya nje, kikiwamo cha St Petersburg. Bunge lilikubali, fedha zikachangwa kwa bahati nasibu, na Januari 15, 1759 British Museum ikafungua milango. Kiingilio kilikuwa bure, ingawa mgeni alilazimika kuomba tiketi mapema.

Viumbe na mimea vilihamishiwa jengo jipya la South Kensington, London, lililofunguliwa mwaka 1881 na ambalo leo ni Natural History Museum, makumbusho ya viumbe na mimea. Huko mimea yake mikavu imejaza majalada 265, na watafiti wanayafunua tena pamoja na katalogi zake, safari hii wakitafuta pia nyayo za wale waliomwonyesha mimea hiyo ilipoota.