Rabi hajaja kubariki mafuta: cheti cha kosheri kinavyopatikana kiwandani

Kwenye maonyesho ya Nanenane, mama mmoja anayekamua alizeti alifika kwenye banda letu akiwa ameshika simu. Mnunuzi wa ng'ambo alikuwa amemwandikia kwamba mafuta ameyapenda, bei ameikubali, na sasa anaomba cheti cha kosheri, yaani uthibitisho kwamba chakula kinafaa kwa sheria za dini ya Kiyahudi. Mama hakuzunguka. "Mwanangu, huyo rabi anayebariki mafuta anapatikana wapi, na anachukua shilingi ngapi?"

Tunaulizwa hivyo mara nyingi, na wanaouliza si wajasiriamali wadogo tu. Wengi wanaamini kuna dua inayosomwa juu ya pipa, kisha muhuri unagongwa. Rabi habariki chakula kikawa kosheri. Anayekuja kiwandani anafanana zaidi na mkaguzi wa hesabu: anataka kujua kila kilichoingia kwenye chungu kimetoka wapi, kimepita kwenye chombo gani, na chombo hicho jana kilipika nini.

Sheria zenyewe ni za zamani, na msomaji wa Biblia anazijua, Msabato zaidi. Ziko Walawi 11 na Kumbukumbu la Torati 14. Mnyama anayeliwa ni yule mwenye kwato zilizogawanyika ambaye pia anacheua: ng'ombe, mbuzi, kondoo. (Twiga naye anazo sifa zote mbili, ingawa kwetu atakayemchinja ataishia mahakamani.) Ngamia hayumo, sungura hayumo, nguruwe hayumo. Cha majini lazima kiwe na mapezi na magamba, na hapo mtu wa pwani anapoteza karibu nusu ya soko la samaki: pweza, ngisi, kamba, kaa, chaza, papa, taa, vyote nje. Kambare wa mtoni naye nje, kwa kuwa ngozi yake haina magamba. Changu, jodari na sato wanabaki.

Nyama ina masharti yake ya kuchinja: mchinjaji aliyefunzwa, kisu kisicho na pengo hata la kuhisiwa kwa ukucha, mapafu kukaguliwa, kisha nyama kutiwa chumvi ili damu itoke. Halafu kuna sharti linalosumbua viwanda kuliko yote. Torati inakataza mara tatu kumpika mwanambuzi katika maziwa ya mama yake, na marabi wakalipanua katazo hilo mpaka nyama na maziwa visikutane kabisa, wala sahanini, wala sufuriani. Jikoni kwa Myahudi anayeshika sheria utakuta vyombo seti mbili. Kisicho nyama wala maziwa, yaani nafaka, matunda, mboga, mayai na hata samaki, huitwa pareve, na ndicho chenye uhuru wa kwenda huku na huku.

Mpaka hapo ni mambo ya jikoni. Bibi mmoja mwenye macho mazuri angeyasimamia bila karatasi hata moja, maana samaki anamwona, magamba anayaona, na maziwa kayakamua mwenyewe. Kiwanda ndicho kilicholeta karatasi, kwa sababu kiwanda huondoa sura ya kitu.

Chukua sangara wetu wa Ziwa Victoria. Ana mapezi, ana magamba, hana shida. Minofu yake iliyogandishwa inauzwa sana Israel, tena kwa jina la heshima ambalo kwa Kiebrania maana yake ni "binti mfalme wa Nile". Lakini mnofu uliochunwa ngozi yote ni kipande cheupe tu, na hakuna anayeweza kuapa kwa kukitazama kwamba si cha kambare. Kwa hiyo ama kipande cha ngozi chenye magamba kinaachwa kwenye kila mnofu, ama msimamizi anakuwepo wakati wa kuchuna. Mfanyakazi mgeni akiona kile kijipande cha ngozi anaweza kudhani aliyekata ni mvivu, kumbe ndicho kinachomuuza samaki.

Kisa kinachoeleza jambo hili vizuri kuliko vyote ninavyovijua ni cha Coca-Cola. Miaka ya 1930 rabi Tobias Geffen alikuwa akihudumu Atlanta, mji uleule wenye makao makuu ya kampuni hiyo. Wenzake kutoka sehemu mbalimbali za Marekani wakawa wanamwandikia: vijana wetu wanakunywa kinywaji hiki, je, kinafaa? Geffen akaomba aonyeshwe viambato. Ile siri maarufu ya kampuni ikafunguliwa mbele yake kwa ahadi kwamba hataitoa. Akakuta humo gliserini, na gliserini ile ilitokana na mafuta ya wanyama.

Kiasi kilikuwa kidogo mno, karibu sehemu moja kwa elfu. Sheria ya Kiyahudi inayo kanuni ya sitini: kisichofaa kikidondokea kwa bahati mbaya kwenye kinachofaa, na kinachofaa kikawa mara sitini yake au zaidi, kilichodondoka huhesabiwa kimepotea. Mtu mvivu angeishia hapo na kuandika cheti. Geffen alisema hapana, kwa kuwa gliserini haikudondoka. Inatiwa makusudi kila siku, na kanuni ya sitini ni ya ajali. Kampuni ikabadilisha, ikatumia gliserini ya mafuta ya mimea, na mwaka 1935 akatoa uamuzi wake wa kuruhusu. Ili asivunje ahadi ya siri, katika maandishi yake viambato vyenye utata alivipa majina ya kale kutoka Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, kiasi kwamba msomaji wa nje asingejua anazungumzia nini. Suala la pili lilikuwa la Pasaka ya Kiyahudi, wakati ambapo kilichochachuka kutoka kwenye ngano, shayiri na nafaka za jamii hiyo hakiguswi. Kulikuwa na alkoholi ya nafaka humo, nayo ikapatiwa mbadala unaotokana na miwa na viazi-sukari.

Karibu kazi yote ya leo imo ndani ya kisa hicho. Kilichoongezeka ni wingi. Jaribu kusoma nyuma ya pakiti ya biskuti. Utakuta namba za viambato: E471 ni kitu cha kusaidia mafuta na maji yashikane. Kinaweza kutoka kwenye mawese, kinaweza kutoka kwenye shahamu ya ng'ombe au nguruwe, na maabara ya kawaida haitakuambia ni kipi. E120 ni rangi nyekundu inayotokana na wadudu waliokaushwa. Jelatini ni ngozi na mifupa. Jibini linagandishwa kwa vimeng'enya ambavyo zamani vilitoka tumboni mwa ndama. Neno "vionjo" kwenye lebo linaweza kuficha vitu kadhaa, kila kimoja na muuzaji wake, na muuzaji huyo naye kanunua kwa mwingine.

Kwa hiyo shirika la uthibitishaji huanza na orodha. Kiwanda kinaandika kila malighafi, jina la mtengenezaji wake na mahali inapotengenezwa, pamoja na zile za bidhaa nyingine zinazopita kwenye mitambo hiyohiyo. Chumvi safi haina maneno mengi. Rangi, vionjo, vimeng'enya na chochote chenye asili ya zabibu lazima kije na cheti chake chenye tarehe ya mwisho. Ndipo rabi anakuja kutazama, mkataba unasainiwa, na inabaki orodha mbili zinazotawala kila kitu: hivi ndivyo mnavyoruhusiwa kununua, na hizi ndizo bidhaa mnazoruhusiwa kuweka nembo. Baada ya hapo anakuja bila taarifa. Mara ngapi? Inategemea hatari. Kiwanda kinachokausha chai hakitazamwi kama machinjio, ambako msimamizi anakaa muda wote kazi inapoendelea.

Wahandisi wengi hushangazwa na habari ya mvuke. Katika sheria ya kosheri, joto likiwa na unyevu husafirisha ladha kutoka chombo hadi chombo. Sasa kiwanda kina boila moja. Mvuke wake unapasha chungu cha supu ya nyama upande huu na tangi la juisi upande ule, kisha maji ya mvuke uliopoa yanarudishwa kwenye boila ili kuokoa mafuta na dawa. Meneja wa nishati anaona kabana matumizi. Rabi anaona supu inarudi kwa bomba la nyuma kuipasha juisi. Suluhisho moja ni kuyamwaga maji yale. Jingine ni kutia kitu kichungu kwenye maji ya boila, kwa kuwa ladha iliyoharibika haihesabiwi kuwa ladha. Mara ya kwanza nilipoelezwa hili nilicheka. Nilipokaa nikalifikiria, nikaona hawa watu wamesoma michoro ya mabomba kwa makini kuliko baadhi yetu wenye shahada.

Mtambo uliopikia kisichofaa haufutwi kwa sabuni tu. Unaoshwa, unaachwa saa 24 bila kazi ya moto, kisha unachemshwa kwa maji yanayotokota. Uliochoma kwa moto mkavu, kama oveni, nao hutakaswa kwa moto mkali. Mashirika mengine ya chakula huamua kubadilisha kiambato kabisa na kuutakasa mtambo mara moja, kuliko kuishi na ratiba ya kusimama kila wiki. Biskuti za Oreo ziliwahi kuwa na mafuta ya nguruwe. Zilipopata cheti mwaka 1997 kazi haikuwa kubadili mafuta tu, na oveni zilizoyapika nazo ilibidi zitakaswe. Malori ya tangi nayo yana daftari lao: kabla ya mafuta haya, ulibeba nini?

Niliwahi kuandamana na msimamizi mmoja kwenye kiwanda cha biskuti ambacho sitakitaja. Mzee mwembamba, tochi mfukoni, karatasi zimekunjwa mara nne. Chai iliandaliwa ofisini. Yeye akauliza stoo iko wapi. Alipita kati ya magunia akisoma lebo, midomo ikicheza kimya kama mtu anayesoma uradi, mpaka akasimama mbele ya pipa la bluu. Kiambato kilikuwa kilekile, jina la kampuni lilikuwa tofauti. "Ni ileile, mzee," mtunza stoo alimwambia, "wale wa kawaida walichelewa meli." Mzee hakupandisha sauti. Alipiga picha namba ya toleo, akauliza kifuniko kilifunguliwa siku gani, na shifti ipi ilichota. Makatoni ya siku hizo yakatengwa pembeni na mkanda mwekundu kuzungushwa, na nembo ilikwisha kuchapwa juu yake. Hasara ilikuwa ya kweli, na chanzo chake kilikuwa ofisa manunuzi aliyesifiwa wiki ile kwa kuokoa muda.

Nembo zenyewe ni mali ya mashirika binafsi. Inayojulikana zaidi ni herufi U ndani ya duara, ya Orthodox Union ya New York, shirika lililoanzishwa mwaka 1898. Nembo yake ilianza kuonekana miaka ya 1920 kwenye maharage ya kopo ya Heinz. Yako mengine, kama OK, Kof-K na Star-K. Herufi D pembeni maana yake kuna maziwa au mtambo wa maziwa umetumika, na P kwa kawaida ni ya Pasaka, wala si pareve, kosa ambalo hata wauzaji hulifanya. Herufi K peke yake haimilikiwi na mtu, kwa hiyo kiwanda chochote kinaweza kuichapa. Huenda nyuma yake yuko rabi makini, huenda hayuko, uliza jina. Jimbo la New York lilikuwa na sheria ya udanganyifu wa kosheri tangu 1915, lakini vifungu vilivyoipa serikali kazi ya kuamua kosheri ni nini vilibatilishwa na mahakama mwaka 2002, kwa hoja kwamba dola haiwezi kuchagua tafsiri ya dini. Israel ni tofauti. Huko mamlaka iko kwa Baraza Kuu la Marabi kwa sheria ya 1983.

Waislamu hutuuliza kama kosheri inatosha badala ya halali. Kwa baadhi ya vitu zinakutana, nguruwe na damu kwa mfano. Kwa vingine zinaachana: mvinyo uliosimamiwa na Wayahudi ni kosheri na si halali, na nyama ya ngamia ni halali na si kosheri. Kiwanda kinachouza kwa wote kinahitaji vyeti viwili. Na mwenye mzio wa maziwa asitegemee neno pareve peke yake. Hilo ni neno la sheria ya dini, nayo inavumilia chembe ambazo mwili wake hauvumilii. Wala kosheri haisemi kwamba chakula ni kisafi zaidi au kina sukari kidogo. Hiyo ni kazi ya mamlaka za chakula, na cheti kimoja hakifuti kingine.

Yule mama tulikaa naye kwenye viti vya plastiki, nikamuuliza maswali ambayo angeulizwa. Alizeti ni pareve, mashudu ni mashudu, mtambo wake haujawahi kukamua kingine isipokuwa ufuta. Unasafisha kwa nini? Kwa maji ya moto. Unachanganya chochote? Hapana. Nikamuuliza mafuta anayaweka kwenye nini.

"Madumu," akasema. "Ya lita ishirini. Nanunua mtumba pale sokoni, yanaoshwa vizuri."

Yalikuwa na nini kabla?

Akaniangalia, akaiweka simu mapajani. "Hilo," akasema, "sijawahi kumuuliza anayeniuzia."