Ultrasaundi safi si majibu ya kinyama

"Daktari, ultrasaundi ilikuwa safi, majibu ya kinyama ni ya nini tena?" Mwezi huu nimeulizwa hivyo mara tatu. Mama wa tatu alipasuliwa uvimbe wa titi miezi mitano iliyopita na hakurudi kuchukua majibu ya kinyama, yaani ya kile kipande kilichokatwa na kupelekwa maabara. Nilipoyafuatilia, yalikuwa yamelala kwenye faili: ukingo mmoja wa kinyama una seli za saratani, maana yake huenda nyingine zimebaki mwilini.

Ultrasaundi ya chumba cha upasuaji naitetea popote. Uvimbe ukishatolewa tunauzamisha kwenye bakuli la maji ya chumvi ya hospitali, tunaupima hapohapo. Tunataka kujua kama uvimbe tuliokusudia umo kweli ndani ya kinyama hicho, na umezungukwa na nyama nzima kiasi gani kila upande. Daktari wa upasuaji huwa ameacha nyuzi za alama, kwa mfano fupi upande wa juu na ndefu upande wa kwapani. Nikimwambia chini pamebana, anajua aongeze wapi, mgonjwa akiwa bado usingizini. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2013 ulilinganisha upasuaji unaoongozwa na ultrasaundi na ule wa kupapasa kwa mkono: waliobaki na kingo zenye saratani iliyopenya, yaani iliyoingia nyama ya jirani, walikuwa asilimia 3 dhidi ya 17. Hospitali yenye mashine iiingize chumba cha upasuaji.

Lakini hizo asilimia zenyewe zilihesabiwa kwa hadubini. Ultrasaundi haioni seli. Saratani iliyo bado ndani ya mirija ya maziwa mara nyingi haina uvimbe wa kuonekana, ina chembe za chokaa tu, na kinyama cha namna hiyo hupigwa eksirei. Mtaalamu wa patholojia hupaka wino sehemu yote ya nje ya kinyama, kisha hukikata na kukisoma. Kwa saratani iliyopenya, seli zisiguse wino. Kwa ile ya ndani ya mirija pekee, tunataka nafasi ya milimita 2. Hakuna mashine yangu inayoweza kukuhakikishia hilo. Ile ultrasaundi ya wiki mbili baada ya upasuaji ndiyo isiyokata shauri kabisa, kwa kuwa maji yaliyojikusanya, damu na kovu huweza kuficha mabaki au kufanana nayo.

Kuna na maneno mengine ninayoyasikia. "Saratani ikiguswa na kisu inasambaa." Hapana. Nimewaona waliokimbia kisu wakarudi na kidonda.

"Ultrasaundi ina mionzi." Ni mawimbi ya sauti, wajawazito hupimwa kila siku.

"Uvimbe wa binti mdogo hauna haja ya maabara." Wengi wa umri huo wana fibroadenoma, ambayo si saratani na mara nyingine haihitaji hata kutolewa. Ila ukishautoa, upeleke. Uvimbe wa filoidi, aina nyingine ya uvimbe wa titi, unaweza kufanana nayo kabisa kwenye picha, na matibabu yake ni tofauti.

Ndugu wa mgonjwa, ukikabidhiwa chombo cha kupeleka maabara, hakikisha kinyama kimo kwenye formalini (dawa ya kuhifadhia nyama isioze) ya asilimia 10, si maji wala spiriti, na formalini iwe mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Kiingie humo ndani ya saa moja tangu kitolewe. Soma jina la mgonjwa na titi la upande gani kabla hujaondoka, ukifika maabara uandikiwe tarehe ya majibu.