Kengele zilizoachwa sakafuni: siku yangu ndani ya Marienkirche, Lübeck

Kazi yangu ni chokaa. Nakarabati nyumba za zamani Mji Mkongwe, Unguja, zile za mawe ya matumbawe na boriti, na mkono wangu una tabia moja mbaya: nikiona lipu ya zamani, naigonga kwa konzi. Lipu iliyoshika inatoa sauti butu. Iliyoachana na ukuta inalia kama debe tupu. Ndivyo nilivyojikuta nagonga ukuta wa Kanisa la Mtakatifu Maria, kwa Kijerumani Marienkirche, katika mji wa Lübeck kaskazini mwa Ujerumani, na bibi mmoja mhudumu akaja mbio kunizuia. Nikamwomba radhi, nikamweleza mimi ni fundi wa nini. Akanitazama kidogo, kisha akanyoosha kidole juu kuelekea madhabahuni. Kulikuwa na ukuta mtupu. "Pale," akasema, "ndipo palipokuwa na uongo wetu mkubwa."

Uongo huo nitaueleza, ila hauwezi kueleweka bila matofali.

Uwanda wa kaskazini ya Ujerumani hauna mwamba wa kujengea. Una udongo wa mfinyanzi na mawe magumu ya mviringo yaliyosukumwa na barafu zama za kale. Wafaransa walipoanza kujenga makanisa marefu ya Kigothiki, mtindo wa matao yaliyochongoka, walikuwa na mawe ya chokaa, laini, yanayochongeka. Watu wa Lübeck walikuwa na udongo, kuni na fedha. Fedha hasa, maana mji huu ndio ulioongoza muungano wa miji ya wafanyabiashara wa Hansa, na matajiri wake hawakutaka kanisa lao lipitwe na lile la askofu lililoko upande wa kusini wa mji. Wakachukua mtindo wa Kifaransa, wakaujenga kwa tofali la kuchoma. Kazi ilianza katikati ya karne ya 13, ikafika mwisho kama mwaka 1350. Minara miwili ina urefu wa karibu mita 125. Dari la matao katika ukumbi wa kati liko mita 38.5 kutoka sakafuni, na hakuna dari la matofali la aina hiyo duniani lililo juu kuliko hilo.

Fundi mwenzangu atanielewa nikisema nilipofika pale nilikaa chini. Tofali huwezi kulichonga kama jiwe. Ukilichonga unaondoa ngozi yake iliyoiva motoni, na maji yanapata njia. Kwa hiyo kila umbo unaloliona, mbavu za dari, vishina vya nguzo, kingo za madirisha, limetiwa kwenye kalibu udongo ukiwa mbichi, likakaushwa, likachomwa. Maana yake kuna mtu alijua umbo la tofali la juu kabisa kabla hajawasha tanuri. Na kwa kuwa tao husukuma kuta kwenda nje, huko nje wamejenga matao mengine yanayoruka juu ya mapaa ya pembeni na kuipokea ile nguvu, kama mtu anayeegemeza bega kwenye mlango. Hayo nayo ni matofali. Makanisa kadhaa ya miji ya Bahari ya Baltiki yaliiga jengo hili, lakini ukisimama chini yake unajua lipi ni mama na yapi ni watoto.

Sasa chokaa. Ndani, kuta hizi hazikuwa nyekundu. Watu wa enzi zile walizipaka lipu, wakazichora: watakatifu, maua, mistari inayofuata mbavu. Karne zilizofuata zikaja na ladha nyingine, na michoro ikafunikwa kwa chokaa nyeupe, tabaka juu ya tabaka, hadi ikasahauliwa. Sisi wapaka chokaa tunajua kwamba kufunika si kufuta. Chokaa iliyokauka inarudi kuwa jiwe, kwa sababu inavuta hewa ya ukaa na kuwa kitu kilekile kilichotiwa tanurini. Ni ngozi ya mawe juu ya picha. Inaificha, na papo hapo inailinda.

Usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi, tarehe 29 Machi 1942, ndege za Uingereza ziliuangushia mji huu mabomu ya moto. Kanisa liliungua paa lote. Joto likapasua matabaka ya chokaa, yakabanduka na kuanguka, na chini yake, kwenye kuta za jengo lililogeuka gofu, wakatokea watakatifu wa karne ya 13 na 14. Hebu fikiria, mji umeungua, halafu ukutani kuna nyuso ambazo hakuna aliye hai aliyepata kuziona.

Lakini hazikuwa nzima. Sehemu kubwa ya michoro ya huko haikupakwa kwenye lipu mbichi, ambapo rangi huingia ndani na kufungwa na chokaa yenyewe. Ilipakwa lipu ikiwa imeshakauka, rangi ikabaki juujuu. Ongeza moto, kisha miaka ya mvua bila paa. Ukumbini kulibaki mabaki ya kutosha. Upande wa madhabahu, juu, karibu hakukubaki kitu.

Kazi ya kuokoa michoro alipewa mkandarasi Dietrich Fey, na aliyepanda jukwaani kufanya kazi yenyewe alikuwa mchoraji Lothar Malskat. Kati ya 1948 na 1951 watu wa chini hawakuona kinachoendelea nyuma ya turubai. Turubai ilipoondolewa, palikuwa na safu ya watakatifu 21 upande wa madhabahu, wazuri ajabu. Tarehe 2 Septemba 1951 kanisa liliadhimisha miaka 700, na Kansela Konrad Adenauer alihudhuria. Posta ikatoa stempu mbili zenye michoro hiyo. Wataalamu wakaisifia. Aliyepewa heshima ni Fey.

Hilo ndilo lililomchoma Malskat. Mwaka 1952 akajitokeza mwenyewe na kusema: wale watakatifu nimewachora mimi, ukuta ulikuwa mtupu. Hakusadikiwa. Ikabidi ajishitaki. Tume ilipopanda kutazama kwa karibu ikakuta anasema kweli, na mapema mwaka 1955 wote wawili wakahukumiwa kifungo, yeye miezi 18, Fey miezi 20. Tena haikuwa mara yake ya kwanza. Kabla ya vita, katika kanisa kuu la mji wa Schleswig, alikuwa amechora bata mzinga katika mchoro uliosemekana ni wa karne ya 13 au 14, ndege wa Amerika, ukutani Ulaya, zaidi ya miaka mia moja kabla ya safari ya Columbus! Na walikuwapo wasomi waliopendelea kuamini kwamba Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia, walifika Amerika kabla ya Columbus kuliko kuamini kwamba fundi amewachezea.

Wale watakatifu wa upande wa madhabahu walifutwa. Ndiyo maana ya ukuta mtupu alionionyesha yule bibi. Ukumbini michoro imebaki, na hapo mambo ni magumu zaidi, kwa sababu mabaki ya kweli yapo na mkono wa Malskat uko juu yake. Nilisimama na darubini ndogo nikijaribu kutenganisha. Sikuweza. Na hii ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya.

Watu hupenda kumcheka Malskat au kumshangilia. Mimi namwona kama fundi aliyefanya tunachoombwa kila wiki: "Rudisha kama ilivyokuwa." Mwenye nyumba hataki kuona kiraka. Anataka ukuta usioumizwa. Na ukiwa na mkono mzuri, unaweza kumpa.

Kwa upande mwingine wa kanisa, chini ya mnara wa kusini, wamefanya kinyume kabisa. Usiku ule wa moto kengele mbili ziliporomoka kutoka juu ya mnara. Ya mwaka 1668 ndiyo kubwa zaidi, na ndogo ni ya 1508. Zipo palepale zilipoangukia. Hawakuziinua, hawakuziyeyusha, hawakuzisogeza hata kuzipanga vizuri. Shaba imejikunja na kupasuka kama chungu kilichodondoka, vipande vimelala juu ya sakafu iliyopondeka, na mbele yake kuna uzio tu. Niliinama kutazama mpasuko wa ile kubwa. Ukingo wake ni mnene kuliko kiganja changu. Hapo ndipo nilipotumia muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Baada ya vita mnara ulipata kengele nyingine za kale, zilizotoka makanisa ya Danzig, mji ambao leo ni Gdańsk, Poland.

Jambo jingine la namna hiyo: kanisa lilikuwa na mchoro maarufu wa Ngoma ya Mauti, mifupa ikicheza na papa, mfalme, mfanyabiashara na mtoto mchanga. Uliungua wote. Picha zake zilikuwapo, wangeweza kuunakili. Badala yake katika miaka ya 1950 waliweka madirisha mawili ya vioo vya rangi, kazi ya Alfred Mahlau, yanayoikumbuka ngoma hiyo na moto uliouteketeza mchoro. Hakuna atakayedhani ni ya kale. Hata paa, ukipata nafasi ya kupanda juu ya dari, limeshikiliwa na zege jepesi, si mbao. Hapo nina ugomvi kidogo, mimi na zege hatupatani, lakini walikuwa wameona mbao zinavyowaka.

Mambo mengine ya kuangalia, kwa haraka. Nje ya ukuta ameketi shetani mdogo wa shaba, wa mwaka 1999, juu ya jiwe kubwa. Hadithi inasema aliambiwa inajengwa nyumba ya mvinyo, akasaidia kubeba matofali, na alipogundua kadanganywa akanyanyua jiwe abomoe. Wakamtuliza kwa kumwahidi nyumba ya mvinyo jirani, na kweli ipo, chini ya ukumbi wa mji. Ndani, nyuma ya madhabahu, tafuta panya mdogo kwenye mchongo wa Karamu ya Mwisho. Ameguswa na mikono mingi ya kutafuta bahati hadi amekuwa mweusi na laini kama kokwa la embe. Na kama unapenda muziki, hapa ndipo mtunzi Dieterich Buxtehude alipopiga kinanda tangu 1668 hadi alipokufa 1707, yule ambaye mtunzi Bach, akiwa kijana, alitembea kama kilomita 400 kuja kumsikiliza. Kinanda cha enzi hizo hakipo, kiliungua.

Kutoka Hamburg ni treni ya kama dakika 45. Mlangoni kuna kiingilio kidogo. Chukua koti hata kiangazi, matofali yale yanahifadhi baridi, na darubini usiisahau.

Tangu nirudi nina tabia mpya mbaya. Nikimaliza kiraka, kabla chokaa haijakaza, naandika mwaka kwa ncha ya msumari, chini pembeni, pale ambapo kabati litaficha. Wiki iliyopita mwenye nyumba mmoja aliliona. "We fundi," akaniambia, "mbona umenichafulia ukuta?"