Je, wajua kwa nini fangasi wa mgomba hajulikani ni yupi mpaka apimwe DNA?

Juzi nipo sokoni Mabibo nachagua kisukari, nikamuuliza mama muuzaji mbona zimepanda bei hivi, akanijibu "mwanangu, migomba huko shamba inanyauka tu, hata hatujui ni nini." Nikaondoka na ndizi na swali.

Iko hivi. Kuna mnyauko wa bakteria na kuna mnyauko fuzari, huu wa pili ndo wa fangasi, anakaa udongoni miaka na miaka, anaingilia mizizini, anapanda na mishipa ya maji anaiziba, majani ya chini yanaanza kuwa ya njano halafu yanakatika yananing'inia kama sketi. Bakteria na fangasi kuwatofautisha sio ishu sana, shina lenye bakteria ukilikata linatoa uchafu wa njano kama usaha, lenye fangasi unakuta michirizi ya kahawia. Kasheshe ni kujua fangasi mwenyewe ni kabila gani.

Maana ana makabila. Kabila la 1 ndo lililoimaliza Gros Michel, ndizi iliyotawala biashara ya dunia mpaka miaka ya 1950, na kisukari nayo linaiua. Ndizi nyingine, Cavendish, ikashika nafasi kwa kuwa inalistahimili, akaja fangasi wa kabila jingine anaitwa TR4 (Tropical Race 4), huyo Cavendish haimshindi, na 2013 akathibitishwa kaskazini mwa Msumbiji, yaani nchi jirani ng'ambo ya Ruvuma. Dalili? Zilezile. Hata kwenye darubini huwezi kuwatenganisha.

Zamani wataalamu walikuwa wanaiambukiza miche ya migomba ya aina tofauti alafu wanakaa wiki kadhaa kuona upi utakufa. Siku hizi wanakata kipande cha shina, wanatoa DNA, wanaitia kwenye mashine ya PCR, hiyohiyo tuliyoisikia kipindi cha korona. Inapashwa mpaka nyuzijoto 95 hivi, nyuzi mbili za DNA zinaachana, ikipoa vipande maalumu vinanasa pale tu penye mpangilio unaolingana navyo, hapo ndo panakopiwa, na kila mzunguko kopi zinakuwa mara mbili, mizunguko 30 ikiisha una zaidi ya bilioni kutoka kwenye moja! Kama TR4 hayupo vipande havina pa kunasa, kimya.

Kinachonivutia mimi ni hiki: TR4 wa Msumbiji, wa Colombia, wa Asia, karibu wote ni kopi ya mmoja, ndo maana alama moja ya DNA inatosha kumdaka popote. Kabila la 1 ndo mtihani, ndani yake kuna koo kibao ambazo nyingine hazina hata undugu wa karibu, wamepewa jina moja kwa vile tu wanaua migomba ileile, so kipimo kikimpata huyu kinamkosa yule. Na kisukari ya yule mama inauliwa na hawa hawa.