"Hardly" na "hard": neno moja lililokaribia kumharibia kijana barua

Kijana mmoja ninayemsaidia Kiingereza hapa Kisumu aliniletea barua ya kuomba kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwandiko safi, hakuna mahali pamefutwa. Mstari wa tatu ukasema: "I work hardly." Alitaka kusema anajituma. Mwenye duka angesoma kwamba kijana huyu kazi haigusi.

Kosa lenyewe naliona halali kabisa. Tumefundishwa kwamba "slow" ikitiwa "ly" inakuwa "slowly", basi "hard" nayo kwa nini isifuate? Haifuati. "Hard" ni kivumishi na ni kielezi papo hapo: "She works hard", anafanya kazi kwa bidii. "Hardly" ilianza zamani ikimaanisha kwa nguvu, ikaja kuwa kwa shida, mwishowe ikawa karibu sawa na hapana. Ukibanwa kwenye matatu ya Kondele jioni na kusema "I could hardly breathe", ile shida ya zamani bado inasikika: nilipumua kwa taabu.

Kiswahili hakina neno moja la kuibeba. "I hardly know him" ni simjui vile. "There was hardly any sugar left", sukari ilikuwa imebaki chembe tu. "Hardly ever" ni kwa nadra sana, na hiyo ndiyo kijana aliyoitia alipoandika upya: "I work hard and I am hardly ever late."

Angalia hapo hakuna "not". Sisi tunakanusha kwenye kitenzi, kwa hiyo mkono unataka kuandika "I can't hardly hear". Katika Kiingereza sanifu kukanusha kumeshamo ndani ya "hardly", kwa hiyo sema "I can hardly hear".

Panapowasumbua zaidi wanafunzi wa sekondari ni "hardly" ikitangulia sentensi. "Hardly had the boat reached Dunga when the fish traders surrounded it." Yaani mashua kufika Dunga tu, wachuuzi wa samaki wakaizingira. Angalia "had" imeruka mbele ya mashua. Na kiungo chake ni "when". Wengi huweka "than", ambayo ni mwenzake "no sooner".