Safari ya Dodoma isikuchagulie gari la foleni

Wiki hii nimeisikia mara tatu, na mara zote kutoka kwa mtu ambaye hela ameshaituma Japani: "Fundi, nimechukua dizeli kwa ajili ya mafuta. Dizeli haina mpinzani." Nikiuliza anakaa wapi na anafanya kazi wapi, ni Tegeta na Posta, au Mbagala na Kariakoo. Asubuhi foleni, jioni foleni.

Dhana hii inaniumiza kuliko zote kwa sababu nusu yake ni kweli. Anayesema dizeli yake ilikwenda Dodoma na tangi likabaki na akiba hadanganyi. Kilometa kama 450 kutoka Dar kwa mwendo usiokatika, dizeli iko kwao: injini yake inabana hewa sana kuliko ya petroli, na lita moja ya dizeli ina nishati zaidi kwa asilimia 10 hadi 15. Kosa ni kuchukua hesabu ya safari ya mara mbili kwa mwaka ukaipachika kwenye siku zote za foleni ya Mwenge.

Pale Mwenge injini ya dizeli inaendelea kuunguruma na gari limesimama. Kila ukikanyaga breki, mwendo ulioulipia sheli unageuka joto kwenye diski na kupotea. Haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, ikisimama inazima injini, AC inaendelea kwa umeme. Ukipunguza mwendo, mota inageuka jenereta na sehemu ya mwendo ule inarudi kwenye betri. Prius ya 2010 ilipopimwa Marekani ilipata kama kilometa 21.7 kwa lita mjini na 20.4 barabara kuu. Soma tena: mjini inakula kidogo zaidi, kinyume na magari tuliyoyazoea.

Halafu kuna hasara ambayo muuzaji haiandiki kwenye tangazo. Dizeli za kisasa zina DPF, chujio la masizi. Likijaa, injini inaongeza dizeli ili ekzosi ifike karibu nyuzi 600 na masizi yaungue. Kazi hiyo inataka dakika kadhaa za mwendo bila kukatizwa. Kwenye foleni inaanza, unafika ofisini, unazima. Kesho hivyo hivyo. Jumatatu nilichomoa kijiti cha oili kwenye gari la dada mmoja wa Mbezi: oili imepita alama ya juu kwa upana wa kidole, nyepesi kama chai ya rangi, inanuka dizeli. Hakuna aliyeiongeza. Ni ile dizeli ya kuunguzia masizi, imepenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Oili ya namna hiyo hailindi turbo wala beringi, na alikuwa ameliendesha hivyo miezi mingi akiamini anaokoa hela.

Kama tayari unayo dizeli, kila wiki litoe mpaka Chalinze kwa mwendo uliotulia, na oili badilisha kila kilometa 5,000 hata kitabu kikisema zaidi. Wala usiniombe nikate DPF. Siikati. Masizi yale yasipokaa kwenye chujio yanakaa kwenye mapafu ya bodaboda aliye nyuma yako. Mwaka 2012 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka.

"Mbona langu halitoi moshi?" Oksidi za nitrojeni, hewa chafu inayotoka kwenye ekzosi, hazionekani kwa macho. Mwaka 2015 Volkswagen ilibainika kuweka kwenye magari ya dizeli yapatayo milioni 11 programu ya kudanganya vipimo vya hewa hiyo hiyo, na ekzosi zake zilionekana safi kabisa.

"Dizeli inatoa kaboni kidogo." Kwa kilometa, huenda, kwa lita, hapana. Lita ya dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi, ya petroli kama 2.3. Dizeli inayokwenda kilometa 15 kwa lita inalingana na petroli inayokwenda 13. Kwa hiyo unapolinganisha na haibridi, usiishie kwenye kilometa kwa lita.

"Haibridi utaichaji wapi?" Ya kawaida haichajiwi popote, inajichaji yenyewe. Zenye waya wa kuchomeka ni aina nyingine.

"Betri ikifa, gari limekufa." Betri ya Prius ya kizazi cha tatu ni moduli 28, yaani vipande 28 vilivyounganishwa, na mara nyingi iliyokufa ni moja au mbili. Kinachoziua hapa mjini ni joto. Kando ya kiti cha nyuma kuna tundu la kupitishia hewa ya kupoza betri, na watu wanaliziba kwa mabegi na makoti. Mwezi uliopita nilifungua feni ya gari lililoambiwa betri imekwisha: mapezi yote yameshonwa na vumbi, nywele na nyuzi za zulia, hewa haipiti. Niliipuliza, nikabadilisha moduli moja, taa ikazima. Mwenyewe bado analiendesha teksi.